Akina Katompa Wanne na Kaburi Moja

Siku ya nne ya kilio, saa nne asubuhi, marehemu alishuka kwenye pikipiki mbele ya nyumba yake mwenyewe, akauliza ni nani aliyekufa.

Hakuna aliyemjibu kwa mdomo. Walimjibu kwa mbio. Wanawake walitokea mlango wa nyuma, wasomaji wakajibana ukutani na misahafu yao vifuani, na mjomba mmoja wa miaka sabini, mwenye goti linalomzuia hata kwenda sokoni, aliruka ua wa mianzi bila kugusa fito. Chumbani, mama Faida alikuwa amekaa eda. Alichungulia dirishani, akamwona mume aliyemzika siku tatu zilizopita akipangusa vumbi usoni. Alianguka chini kama alivyo.

Inspekta Cadette Lwamba alipofika, ua mzima ulikuwa mtupu. Watu walikuwa wamejipanga nje, vichwa juu ya mianzi. Katikati, kwenye benchi, alikaa Atumani Katompa, mnunuzi mkubwa wa dhahabu wa machimbo ya Salamabila, mtu ambaye Kasongo nzima ilikuwa imemwombea rehema.

"Mama OPJ, ambia hawa watu miye niko mutu," alisema. "Bibi yangu mwenyewe ananikimbia. Nimefanya nini?"

Cadette alikuwa OPJ, yaani mpelelezi wa polisi, mwaka wa kumi na sita sasa. Alikwisha kuona maiti za kila namna, ila hakuwahi kuona maiti inayolalamika. Alimshika mkono. Ulikuwa wa moto, una jasho. Hilo likawa jambo la kwanza kuandikwa kwenye daftari lake siku ile: marehemu ni mzima.

"Ulikuwa wapi, papa?"

"Mu pori. Siku kenda. Walifungua shimo mupya mbali ya Salamabila, rezo ya simu hakuna. Nimerudi moja kwa moja. Pa Kabambare sikushuka, nilikuwa nimefunga uso na kitambaa juu ya vumbi. Nani aliwaambia nimekufa?"

"Tulikuzika."

Yule bwana alicheka. Akamtazama Cadette usoni, akaona hakuna kicheko huko, akakikatiza chake.

Nje ya ua furaha ilianza kuwaingia watu. Mmoja alipiga kigelegele, wa pili akapokea, na punde si punde mtaa mzima ulikuwa unashangilia aliyefufuka. Cadette hakushangilia. Katika vigelegele vyote vile hakuna aliyekuwa anawaza jambo alilokuwa analiwaza yeye. Kama huyu yuko hapa, basi yule waliyemzika ni mume wa nani? Mahali fulani palikuwa na nyumba iliyofiwa na haijui. Mwanamke wa nyumba hiyo alikuwa anamngoja mtu ambaye amekwisha kufunikwa udongo, na kila saa inayopita ilikuwa inamwibia haki ya kulia kwake.

Alifungua bahasha ya ushahidi. Ndani yake mlikuwa na kitu kimoja tu, kadi ya mpiga kura iliyokutwa kifuani mwa maiti. Ilikuwa imelowa maji kivukoni, njiani kuja Kasongo. Picha ilibaki doa jeupe, tarehe ya kuzaliwa imeyeyuka, ila jina lilisomeka bila shida: Katompa Atumani. Chini yake, mahali ilipotolewa: Kasongo.

"Yako iko wapi?"

Mnunuzi wa dhahabu alitoa kadi yake mfukoni. Nzima, imefungwa kwenye nailoni. Ilitolewa Kabambare.

Cadette aliziweka mbili pamoja kwenye benchi. Siku tatu kadi ile ya kwanza ilikuwa mikononi mwake, na siku tatu hakusoma mstari wa chini. Alisoma jina, akaona linatosha. Alijilaumu hapo hapo, kwa sauti, na mnunuzi akadhani anatukanwa yeye.

* * *

Mwalimu Atumani Katompa, mwenye jina lile lile, alikuwa msikitini, peke yake. Kasongo nzima ilimjua. Ni yeye aliyefundisha Kurani nusu ya wafanyabiashara wa soko kuu, na ni yeye aliyeosha baba zao walipokufa. Habari zilikuwa zimemfikia. Cadette alivua viatu, akafunga kitambaa kichwani, akakaa mlangoni.

"Mwalimu, wenye jina hili ni wangapi?"

"Wanne, binti yangu. Mzee Atumani Katompa, Mungu amurehemu, alikuwa mukata-kesi wa hapa. Mutu akiwa na neno, anaenda kwake. Wazazi wane walimuomba jina kwa watoto wao, akatoa. Miye wa kwanza. Huyu wa Salamabila wa pili. Wa tatu ni wa redio. Wa ine njo ule golikipa, alizaliwa hapa, sasa anachezea Kabambare. Mungu alitupa wote sifa. Ata tukikutana hatutajani jina, tunaitana 'majina' tu, maana jina yetu ni moja."

"Wewe unaosha maiti za mtaa huu tangu lini?"

"Mwaka wa makumi mbili na tatu."

"Unawajua wote wanne kwa uso?"

"Nawajua kama vidole vyangu."

"Basi ulipomwosha huyu, hukuona si yeye?"

Mkono wa Mwalimu ulishika tasbihi, ukaiachia, ukaishika tena.

"Sikumuosha."

"Kwa nini?"

"Jina lilikuja na sharti, binti yangu. Mzee alituapisha: majina haangalii uso wa majina wake akiisha kufa. Ukimuangalia, umejiita. Nilileta waoshaji wawili kutoka mtaa wa ng'ambo ya soko. Miye nilikaa inje, nikageuzia ukuta uso mpaka wakamufunga sanda. Nilimuswalia macho chini."

Wale waoshaji wawili Cadette alikwisha kuwahoji, akidhani ni wasaidizi wa Mwalimu tu. Walimjua mnunuzi wa dhahabu kwa pikipiki yake nyekundu tu. Uso wa maiti ulikuwa umeharibika kwa risasi na safari ya siku mbili, na mama Faida alizuiliwa na shemeji zake asitazame, abaki na sura ya zamani. Kila mtu alifanya lililo jema. Mume akazikwa na watu wa heshima, kwa sala kamili, na hakuwa yeye.

"Kasongo nzima ilikuwa na mutu moja wa kusema 'hapana, si huyu'," alisema Cadette, "na ule mutu aliangalia ukuta."

Hakukusudia kuwa mkali hivyo. Mwalimu alifunika uso kwa viganja, na mabega yake yakaanza kucheza. Cadette alimpa muda. Mpelelezi anayemhurumia shahidi hupoteza saa, lakini huyu alikuwa amewafundisha kaka zake Cadette.

"Mwalimu, nisaidie. Wewe uko hapa. Wa Salamabila amerudi. Wamebaki wa redio na golikipa. Kadi ilitolewa Kasongo."

"Wa redio nilimusikia leo asubuhi," alisema Mwalimu, akipangusa macho. "Ata weye ulimusikia."

Kweli. Cadette alikunywa chai yake ya saa kumi na mbili akisikiliza sauti ile ile inayoamsha Kasongo kila siku, ikimchokoza mkuu fulani juu ya daraja lililooza. Tena siku ya mazishi redio ilisoma tangazo la kifo cha Atumani Katompa, na mara tu baadaye Atumani Katompa akawatakia wasikilizaji siku njema. Watu walicheka katikati ya msiba. Walisema jina lingine ni gumu kufa.

Basi alibaki golikipa. Cadette alitoka uani, akampigia mwenzake wa Kabambare, Inspekta Esther-Divine. Alingoja dakika arobaini kwa simu kurudi. Iliporudi, haikuwa sauti ya Esther-Divine.

"Nani ananizika?" ilifoka sauti ya kiume. "Niko mu mazoezi! Mama OPJ ananitoa mu goli mbele ya watu, ananiminya mikono, anasema anaangalia kama niko na damu!"

"Karte yako ilitolewa wapi?"

"Kasongo! Niko nayo hapa! Na leo mutu asitaje jina yangu tena, mumenisikia?"

Simu ilikatika. Cadette alibaki ameishika sikioni. Wanne walitajwa, na wote wanne walikuwa wazima. Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni mwa msikiti akimtazama; Cadette akashika njia ya komisaria.

* * *

Kwenye kasho ya komisaria, chumba cha mahabusu cha polisi, alikaa Bisimwa, dereva wa pikipiki, kijana wa upande wa Bukavu ambaye alikuwa na miezi miwili tu katika njia za Kabambare. Ni yeye aliyeleta maiti imefungwa kwenye turubai la shitingi. Maelezo yake ya kwanza yalikuwa mistari mitatu: aliiokota kando ya njia, alikuta kadi, aliuliza sokoni nyumba ya mwenye jina. Ndugu wa mnunuzi walikuwa wanataka apelekwe mahakamani Kindu kama muuaji.

Mnunuzi mwenyewe alikuwa amekuja komisaria kutoa maelezo. Alikuwa ameketi kwenye ukumbi, mlango wazi.

"Bisimwa," alisema Cadette, "Atumani Katompa amerudi. Iko anakunywa chai pale inje."

Kijana alicheka kwa hofu. Akachungulia mlangoni, akamwona mtu anayeonyeshwa, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta.

"Ule si yeye."

"Ni yeye."

"Mama, hapana. Ule mwenye nilibeba aliniambia jina yake na kinywa yake mwenyewe!"

Alipolisikia neno lake, alifunga mdomo. Lakini lilikuwa limekwisha kutoka. Cadette aliweka kalamu chini.

"Maiti haisemi jina yake. Ulimubeba akiwa muzima. Sasa sema yote, na uanze pale alipanda."

Bisimwa alilia kwanza. Kisha akaeleza, na hakudanganya tena, kwa sababu uongo hauna mpangilio mzuri kama ule. Alimpakia pale Kabambare, asubuhi, kwenda Salamabila. Mtu wa maneno. Njia nzima hakunyamaza. Kila waliyepishana naye alimsalimu na kumtajia jina lake, na wengine walifurahi sana kulisikia.

"Alikuwa na nini?"

"Kasaki, kabegi ka mugongo. Ndani mulikuwa kamashini kadogo. Tulisimama pa mama moja wa ndizi, akamuwekea ile mashini karibu na kinywa, akaanza kumuuliza habari ya njia. Mama anajibu, yeye anafurahi tu."

Kalamu ya Cadette ilikuwa imerudi mkononi. Ilisimama katikati ya neno.

"Endelea."

"Mbele kidogo watu wane wakatoka mu majani. Bunduki, bila uniforme. Walisema: jina yako nani? Yeye hakuogopa, mama. Alitabasamu. Alisema: 'Atumani Katompa, wa Kasongo.' Ule mukubwa wao akamuuliza tena: 'Wewe njo Atumani Katompa?' Akajibu: 'Njo miye. Munanijua?'"

Bisimwa alijipangusa pua kwa mkono wa shati.

"Walisema: 'Tunakujua.' Wakamupiga."

Kule ukumbini kikombe kilianguka sakafuni.

"Walichukua kasaki, wakasema dhahabu imo. Wakaweka karte pa kifua yake. Wakaniambia: peleka kwa jamaa yake Kasongo, uulize nyumba ya Atumani Katompa wa Salamabila, waone mashimo iko ya nani. Ukisema tulikutana, tutakukuta. Kwa hiyo nilisema nimemuokota. Mi si muuaji, mama."

"Najua. Utalala hapa hapa, si kwa kosa, ni kwa usalama wako."

Cadette alipotoka, mnunuzi wa dhahabu alikuwa amekaa chini sakafuni, chai imemwagika kwenye kanzu.

"Walikuwa wananitafuta miye," alisema.

"Ndiyo, papa."

"Alikufa mu nafasi yangu."

Cadette alimwambia asitoke komisaria mpaka arudi, akapanda pikipiki ya kazi kuelekea redioni.

* * *

Jean-Marie, fundi wa mitambo, alikuwa katika chumba kidogo kilichobandikwa sponji za magodoro ukutani.

"Atumani iko wapi?"

"Ku kazi, mama."

"Kazi yake njo hapa. Leo asubuhi alikaa pa kiti gani?"

Jean-Marie alitazama kiti, akatazama kompyuta. Alikuwa mtu mwaminifu, na mtu mwaminifu akiificha siri huonekana kwa mbali.

"Alinikataza," alisema kwa sauti ndogo. "Alisema wale wa bunduki wako na masikio hapa Kasongo. Alitaka kufika Salamabila mbele wale hawajasikia. Alienda kutafuta habari ya watu wenye walifukiwa mu shimo, na wenye walikatazwa kulia. Mbele ya kuondoka alisema emisyo nane, vipindi ya asubuhi, ndani ya mashini. Kila asubuhi natia moja, watu waamini iko."

"Nane?"

"Tumeisha kutia saba. Inabaki ya kesho."

Labda alidhani anathibitisha ukweli wake. Alibonyeza. Sauti ikajaa chumba, changamfu, yenye usingizi kidogo ndani yake: "Kasongo, mumeamuka? Miye wenu nimeamuka zamani. Leo nitawaambia kitu chenye kitawashangaza..."

"Zima."

Mkono wa Jean-Marie haukusogea. Alikuwa ameiona sura ya Cadette. Sauti iliendelea kuchekesha, ikataja jina lake kamili kama kawaida, na hapo Jean-Marie alielewa, akatoa mlio ambao haukuwa neno. Cadette mwenyewe ndiye aliyenyoosha mkono akazima.

* * *

Nyumba ya mtangazaji ilikuwa na ngoma. Cadette aliisikia kabla hajakata kona. Wanawake kama kumi walikuwa wanacheza uani kwa ajili ya mama Faida aliyerudishiwa mume, na katikati yao, kitambaa kimemwangukia shingoni, alikuwa Sifa, mke wa Atumani Katompa wa redio. Alimwona Cadette, akamkimbilia, akamshika mikono yote miwili.

"Mama Cadette! Umesikia? Majina ya bwana yangu amefufuka! Mungu ni mukubwa! Kuja ucheze!"

"Sifa, tuingie ndani."

"Kuja kwanza ucheze!"

"Tuingie."

Mikono ya Sifa ililegea, ila tabasamu lilikuwa bado halijapata habari. Waliingia. Cadette alifunga mlango, na ngoma ikabaki nje.

"Bwana yako iko wapi?"

"Ku kazi."

"Nimetoka pale."

Sifa alitazama dirishani, akasogea karibu. Aliongea kwa kunong'ona, na katika mnong'ono ule mlikuwa na fahari ya mke anayebeba siri ya mumewe bila kuiangusha. "Alinikataza kusema, mama. Ata kwa mama yangu sikusema. Alienda Salamabila. Siku saba leo. Aliniambia rezo haiko, nisiogope, nitakuwa namusikia mu redio. Na namusikia kila siku."

"Alipitia Kabambare?"

"Ndiyo. Alisema atatafuta motar ya kumubeba pale."

"Alikuwa na kasaki ya mugongo?"

"Ndiyo. Namna gani unajua kasaki?"

Cadette alikuwa ametoa habari za vifo katika nyumba nyingi. Alikuwa na maneno yake aliyozoea, mafupi, ya kazi. Safari hii aliyaacha. Alitoa kadi kwenye bahasha, akaiweka mezani.

"Ile maiti tulizika ilikuwa na hii. Ilitolewa hapa Kasongo."

Sifa aliisoma. Alisoma jina, ambalo halikumwambia kitu, kwa maana siku tatu alikuwa amelisikia likililiwa. Kisha akasoma chini. Alikaa. Macho yalimtoka, yakaenda mlangoni, ambako wenzake walikuwa wanaimba, yakarudi kwa Cadette, yakimwomba aseme kwamba wenye jina hili bado ni wengi.

"Hapana," alisema. "Leo asubuhi alisema. Nilimusikia."

"Alisema zamani, Sifa. Waliiweka mu mashini."

"Hapana. Mimi nilikuwa pale pa kilio. Nilifika wa kwanza. Bibi wa majina lazima apike, nilipika siku zote tatu."

"Najua, dada."

"Nililia kupita wote," alisema Sifa. "Sijui machozi ilitoka wapi. Mama Faida mwenyewe alinishika mabega, akaniambia: 'Sifa, punguza. Weye bwana yako iko muzima.'"